Chester, mji wa Popeye kando ya Mississippi: mwongozo kamili wa kuutembelea

Chester ni mji mdogo wa Illinois, Marekani, uliokaa juu ya genge linaloutazama mto Mississippi, kiasi cha kilomita 100 kusini ya St. Louis. Wakazi wake hawafiki 10,000. Hapo ndipo alipozaliwa Elzie Crisler Segar, mchoraji aliyemleta duniani Popeye, yule baharia mwenye jicho moja na kiko mdomoni, anayebugia spinachi kisha akawatandika wenye ubavu kumzidi. Mji huu unamtukuza waziwazi: sanamu yake na za jamaa zake zimesimama bustanini, mbele ya mahakama, hadi kwenye viwanja vya hospitali.

Mwongozo huu nimewaandikia hasa Waswahili walioko katikati ya Marekani. St. Louis ina Wakongomani wengi wanaozungumza Kiswahili, na kuna wenzetu Louisville, Indianapolis na Chicago wanaotafuta mahali pa kuwapeleka watoto bila kumaliza mshahara. Utawafaa pia wageni wanaokuja kutoka nyumbani kuwatembelea ndugu. Sanamu zote ziko nje na hazina kiingilio. Ukilala St. Louis, unaweza kwenda na kurudi siku hiyohiyo.

Kuna jambo moja naomba ulishike tangu sasa. Wageni wengi hufika, husimama chini ya sanamu ya Popeye, hupiga picha mbili tatu na kugeuza gari. Wanaondoka bila kuiona Chester. Wahusika wakuu wa katuni hii walitokana na majirani wa Segar, watu waliotembea katika mitaa hiyohiyo utakayotembea wewe. Ukiwajua kwanza, mji mzima unaanza kusomeka.

Hatua ya 1: Wajue watu kabla ya kuziona sanamu

Segar alizaliwa tarehe 8 Desemba 1894. Baba yake alikuwa fundi wa kupaka rangi nyumba na kubandika karatasi za ukutani, na kijana alimsaidia kazi. Baadaye akaajiriwa katika Jumba la Opera la Chester. Kazi yake ilikuwa kuendesha mashine ya sinema, na mara nyingine kupiga ngoma kuzisindikiza zile filamu zisizo na sauti. Alipofika miaka 18 aliamua kuwa mchora katuni. Shule ya sanaa haikuwepo karibu, kwa hiyo alijiandikisha kozi ya posta kutoka Cleveland, Ohio. Alikuwa akitoka kazini usiku, anawasha taa za mafuta karibu saa sita, na kuchora mpaka saa tisa alfajiri. Kisha akaenda Chicago, ambako Richard Outcault, mmoja wa waasisi wa katuni za magazeti, alimfungulia njia ya kupata kazi. Mwaka 1919 alihamia New York, na tarehe 19 Desemba mwaka huo alianza mfululizo wake ulioitwa Thimble Theatre.

Wengi hawajui kwamba Popeye hakuwemo. Olive Oyl, yule mwanamke mwembamba anayegombewa na wanaume wawili, alikuwepo tangu siku ya kwanza, na kaka yake, Castor Oyl, akaingia muda mfupi baadaye. Popeye aliingia tarehe 17 Januari 1929, miaka tisa baada ya mfululizo kuanza. Castor alikuwa anataka kusafiri baharini kwenda kisiwa cha kamari, akahitaji baharia. Baharia huyo ndiye Popeye. Alikusudiwa kuwa mhusika wa kupita, lakini wasomaji walimpenda hivi kwamba Segar alilazimika kumrudisha, na mwishowe mfululizo wote ukawa wake. Wala nguvu zake hazikutoka kwenye spinachi hapo mwanzo. Alipata bahati na uhai kwa kumsugua kichwa kuku wa ajabu aliyeitwa Bernice. Spinachi zilikuja baadaye. Mkumbuke huyo kuku, utakutana naye.

Sasa majirani. Mtu anayetajwa kuwa chanzo cha Popeye ni Frank Fiegel, aliyeitwa Rocky, mzaliwa wa 1868. Alikuwa mvuta kiko, kidevu mbele, hodari wa ngumi, na alifanya kazi za mikono katika baa ya mji. Pamoja na ubabe wake, watoto walimpenda. Alifariki mwaka 1947. Olive Oyl alitokana na Dora Paskel, mwenye duka, mrefu na mwembamba, nywele kazifunga kisogoni. Wimpy, yule bwana mnene asiyeshiba hambaga, alitokana na William Schuchert, mwenye Jumba la Opera, ambaye ndiye aliyekuwa bosi wa Segar. Schuchert alikuwa na desturi ya kuwatuma vijana wake wa kazi wakamnunulie hambaga kati ya onyesho na onyesho. Kwa hiyo mtu aliyemchora Wimpy huenda alikuwa mmoja wa waliozibeba hambaga zile zikiwa bado moto.

Wasimulie watoto haya mkiwa nyumbani, na uwaonyeshe katuni chache. Mtoto asiyemjua Wimpy ataiona sanamu yake kama jiwe tu.

Hatua ya 2: Chagua siku

Una njia mbili, na zina ladha tofauti kabisa.

Ya kwanza ni wikiendi ya Pikiniki ya Popeye, inayofanyika tangu 1980. Huwa ni wikiendi inayofuata Labor Day, na Labor Day ni Jumatatu ya kwanza ya Septemba. Tafuta Jumatatu hiyo kwenye kalenda, kisha Ijumaa, Jumamosi na Jumapili zinazoifuata ndizo zako. Kuna gwaride, muziki, michezo ya watoto, vibanda vya vyakula, na wapenzi wa Popeye waliosafiri kutoka mbali wakiwa wamevaa kofia za kibaharia.

Ya pili ni siku ya kawaida, na ukiniuliza mimi, hiyo ndiyo nzuri zaidi kwa anayekwenda mara ya kwanza. Unaegesha gari popote, unasimama mbele ya kila sanamu muda unaotaka, na watu wa mji wana nafasi ya kuzungumza nawe. Aprili, Mei na Oktoba hali ya hewa ni tulivu. Julai na Agosti joto lake huwa na unyevu kama wa Dar es Salaam mwezi wa pili, kwa hiyo tembea asubuhi. Januari na Februari baridi ni kali na barabara huweza kuganda barafu. Epuka Jumapili na Jumatatu kama unataka kuingia madukani, maana katika miji midogo ya Marekani milango mingi hufungwa siku hizo. Vyovyote vile, piga simu kabla ya kwenda uulize saa za kufungua.

Hatua ya 3: Fika

Utahitaji gari. Treni ya abiria haifiki Chester. Kituo cha karibu chenye treni za Amtrak kutoka Chicago ni Carbondale, na kutoka hapo bado utahitaji usafiri wa barabara. Anayekuja kwa ndege ashukie St. Louis na kukodi gari uwanjani.

Kutoka St. Louis kuna njia mbili. Iliyo fupi ni kuvuka mto kuingia Illinois na kushika Barabara ya 3 kuelekea kusini, ukipitia Columbia, Waterloo, Red Bud na Ellis Grove. Ni mashamba ya mahindi na soya pande zote, halafu ardhi inaanza kupanda na kushuka unapokaribia mto. Ya pili ni kubaki upande wa Missouri kwa barabara kuu ya I-55 hadi Perryville, kisha kugeuka kushoto kwa Barabara ya 51 mpaka kwenye daraja la Chester. Ni ndefu kidogo, lakini naipendekeza kwa kwenda, kwa sababu inakuingiza mjini kupitia mlango wake wenyewe: unavuka Mississippi, na ukimaliza tu daraja, Popeye yuko pale. Rudi kwa Barabara ya 3.

Kwa mgeni aliyezoea kuendesha Kenya, Tanzania au Uganda: huku gari hupita kulia. Hatari kubwa si barabara kuu, ni ile dakika ya kutoka kwenye sheli au maegesho yasiyo na magari mengine, ambapo mkono hukurudisha kushoto wenyewe. Vibao vya mwendo vinaandikwa kwa maili, na maili moja ni kilomita 1.6. Jaza mafuta kabla ya kuondoka mjini. Pampu nyingi zitakuomba namba ya posta ya nyumbani kwako unapoingiza kadi. Kama kadi yako ni ya benki ya nyumbani na pampu ikaikataa, ingia ndani, mwambie mhudumu namba ya pampu na kiasi unachotaka, ulipe kwake.

Hatua ya 4: Malazi na chakula

Chester ina hoteli chache sana. Siku za kawaida utapata chumba, lakini wikiendi ya Pikiniki vyumba huisha mapema, hivyo weka nafasi miezi kadhaa kabla. Ukikosa, tazama Perryville, Sparta, Red Bud au Ste. Genevieve.

Chakula ni cha kawaida ya huko: hambaga, kuku wa kukaanga, nyama ya kuchoma yenye mchuzi mtamu, na hiyo nyama mara nyingi ni nguruwe. Wasiokula nguruwe waulize kabla ya kuagiza, maana huwekwa hata kwenye maharage na mboga. Sikujua mgahawa wa halali mjini hapo. St. Louis, kwa upande mwingine, ina jamii kubwa ya Wabosnia na bucha zao za halali, kwa hiyo familia za Kiislamu hununua huko, hupika nyumbani na kubeba. Mahali pa kulia panapatikana kwa urahisi, kwani bustani zina meza na viti. Kama utakula mgahawani, ongeza bakshishi ya asilimia 15 hadi 20 juu ya bili. Huko si hiari ya mwenye moyo, ni sehemu ya kipato cha mhudumu.

Hatua ya 5: Zunguka mji kwa mpangilio huu

Anza kwenye daraja, katika bustani ya kumbukumbu ya Segar. Popeye wa hapo ni wa shaba, urefu wake kiasi cha meta 1.8, uzito wake karibu kilo 400, na aliwekwa mwaka 1977. Mtazame kwa karibu kabla ya kutoa simu. Angalia mikono: sehemu ya juu ni nyembamba kama ya mtu yeyote, halafu kuanzia kiwiko inafura na kuwa minene kupita mapaja. Kwenye karatasi tumeizoea. Ikiwa ya shaba na mtu amesimama kando yake, unaona jinsi Segar alivyokuwa jasiri kuuchora mwili usiowezekana na watu wakauamini.

Kisha geukia mto. Mississippi hapa ni mpana, rangi ya udongo, na mkondo una nguvu kuliko unavyoonekana. Subiri kidogo, huenda yatapita matishari. Utaona yamefungwa pamoja kwa safu, yamebeba nafaka au makaa ya mawe, na meli moja iko nyuma ikiyasukuma. Huku hawayavuti kama tunavyozoea kuona tagi bandarini. Watoto wasishuke kwenye maji kwa namna yoyote.

Daraja lenyewe lina kisa. Lilifunguliwa 1942, na mwaka 1944 dhoruba ililing'oa na kuliangusha mtoni. Likajengwa tena na kufunguliwa 1946. Kati ya St. Louis na Cape Girardeau hakuna daraja jingine la magari juu ya Mississippi, ndiyo maana mji huu mdogo una uzito kwa majimbo mawili. Miaka ya karibuni umekuwa ukiendelea ujenzi wa daraja jipya, hivyo fuata vibao vya barabarani hata kama ramani ya simu inakwambia vingine.

Panda mjini. Hapo unaingia kwenye Njia ya Wahusika, ambayo ni sanamu za graniti zilizotawanywa sehemu mbalimbali. Ya kwanza ilikuwa ya Wimpy, mwaka 2006, na tangu hapo zimeongezeka hadi kupita kumi, kwa kawaida mpya ikizinduliwa wakati wa Pikiniki. Chukua ramani yake kwenye duka la Popeye au kwenye ofisi za mji.

Egesha gari katikati ya mji, maana hapo utatembea kwa miguu. Wimpy yuko katika bustani yenye kibanda cha muziki, hambaga mkononi. Olive Oyl yuko kwenye viwanja vya mahakama ya Kaunti ya Randolph, amembeba mtoto Swee'Pea, na kando yao yuko Jeep, yule mnyama wa ajabu. Bluto, adui wa Popeye, naye ana sanamu yake hapo mjini, na watoto wa kiume hupenda kusimama mbele yake wakikunja ngumi. Viwanja vya mahakama viko juu ya genge, na kutoka hapo unaona mto na nchi tambarare ya Missouri ng'ambo yake. Jua linazama upande huo. Kama ratiba inaruhusu, pangeni kuwa hapo jioni.

Usiache Jumba la Opera, ambalo jengo lake bado limesimama. Ndani yake kumekuwa na duka la Popeye lenye mkusanyiko wa vitu vya zamani: wanasesere, mikebe, saa, vitabu vya katuni, vitu vilivyotengenezwa nchi mbalimbali kwa miongo mingi. Nikishauri mahali pa kukaa muda mrefu kuliko pote Chester, ni hapa. Huyu kijana aliendesha sinema katika jengo hili, huenda bosi wake alimtuma hambaga kutoka hapa, na kila mdoli ulioko kwenye kabati ni matokeo ya usiku ule wa taa za mafuta. Waulize wenyeji maswali. Watu wa Chester hufurahi kuzungumza juu ya Rocky Fiegel, na wengine watakuelekeza kaburi lake. Kwa miaka mingi halikuwa na jiwe la maana, hadi wapenzi wa Popeye walipomwekea jiwe lenye mchoro wa baharia wake mwaka 1996. Ukienda, nenda kwa adabu ya makaburini.

Sanamu zilizobaki zifuate kwa gari, maana mji una vilima na zimeachana. Castor Oyl yuko hospitalini, pamoja na yule kuku Bernice niliyekuomba umkumbuke. Pale egesha mbali na njia ya magari ya wagonjwa, na watoto wasipige kelele. Ukikuta sanamu kwenye eneo la shule, nenda siku au saa isiyo ya masomo. Mtu mzima asiyejulikana anayepiga picha shuleni watoto wakiwepo huleta wasiwasi, na kwa mgeni mweusi asiyefahamika mjini ni busara kutojiweka hapo.

Jambo jingine la kuzingatia: kando ya mto, pembezoni mwa mji, kuna gereza kubwa la Menard, lililopo tangu 1878. Barabara inapita karibu. Usisimame kupiga picha, na usimpe lifti mtu usiyemjua.

Hatua ya 6: Kama umekuja kwa Pikiniki

Gwaride huwa Jumamosi. Fika mapema asubuhi, maana barabara hufungwa na baada ya hapo utatembea mbali ukiwa na watoto begani. Beba viti vya kukunja, maji, kofia na noti ndogondogo kwa ajili ya vibanda. Wapenzi wa Popeye waliokubuhu ndio hazina ya siku hizo. Mtu aliyevaa mavazi ya Olive kuanzia viatu hadi kisogo amekuja ili azungumze, hivyo msogelee. Mwambie mtoto wako amwombe picha yeye mwenyewe.

Sanamu zenyewe ziache mpaka Jumapili alasiri, watu wanapoanza kutawanyika.

Hatua ya 7: Ukiwa na siku ya pili

Kaskazini mwa Chester, karibu na Ellis Grove, kuna eneo la kihistoria la Fort Kaskaskia. Panda hadi mahali pa kutazamia mto. Kaskaskia ilikuwa makao makuu ya kwanza ya Illinois, kuanzia 1818 hadi 1820. Mwaka 1881 Mississippi ilihama, ikajitafutia mkondo mpya, na kuumeza sehemu kubwa ya mji. Kilichobaki sasa kiko upande wa magharibi wa mto, kikiwa bado ni ardhi ya Illinois, na kukifikia lazima uvuke kuingia Missouri, uende hadi St. Mary, kisha uvuke mkondo wa zamani. Huko kuna kengele iliyotolewa zawadi na Mfalme Louis XV wa Ufaransa mwaka 1741. Chini ya ile ngome kuna nyumba ya Pierre Menard, naibu gavana wa kwanza wa jimbo.

Upande mwingine wa mji, kwenye Barabara ya 150, lipo daraja la mbao lenye paa la Mary's River, lililojengwa 1854 na kutumika hadi 1930. Robo saa inatosha. Anayependa historia ya Wafaransa aongeze Ste. Genevieve, lakini aulize kwanza kama kivuko cha Modoc kinafanya kazi, kwa sababu mto ukijaa husimamishwa.

Ukirudi St. Louis kwa Barabara ya 3, jitahidi utoke kabla giza halijaingia, hasa Oktoba na Novemba. Ni msimu wa kulungu kuhangaika, na huvuka barabara ghafla kutoka kwenye mashamba. Ukimwona mmoja amevuka, punguza mwendo na usiongeze upesi, kwa kuwa mara nyingi nyuma yake kuna wengine wawili au watatu. Na kama mmoja amesimama mbele yako, shika breki ukiwa kwenye njia yako, usikwepe kwa kukata usukani, maana wengi huumia kwa mti au gari linalokuja kuliko kwa kulungu mwenyewe.